Mbuzi wa Chumba Namba 6114

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Mzee Wenseslaus wa Kibosho ni mkono wa birika. Si siri, hata padri anajua, maana mkungu wa ndizi anaoupeleka sadaka ya mavuno kila mwaka unaweza kubebwa na mtoto wa chekechea kwa mkono mmoja. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata pini. Lakini ana sifa nyingine ambayo hata wasiompenda wanampa. Akisema neno, amesema. Akikuahidi mche wa kahawa utaupata, ingawa atakusimanga nao mpaka uzae.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpandishe kwenye meli ya kifahari. Aliyefanya kosa hilo ni binti yake Victoria, nesi huko Ujerumani, na alilifanya kwa mapenzi tu. Wazazi walikuwa wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa walishafanyiwa, keki walishakata, akaona sasa wapumzike: siku kumi baharini huko Ulaya, chumba chenye dirisha, chakula mpaka uombe poo, kila kitu kimelipiwa. Juu ya hayo akamwekea baba yake dola mia tano melini za matumizi madogo madogo, akamwambia zikibaki ni zake. Hapo ndipo alipoharibu. Mwambie Wenseslaus kwamba kitakachobaki ni chake, uone kama atanunua hata soda.

Maana ya kulipiwa kila kitu aliijua siku ya pili, alipoagiza kikombe cha kahawa kule juu kwenye viti vya kuota jua. Dola tano. Mhudumu akamweleza kwa upole kwamba mwaka jana ilikuwa nne, ila siku hizi kila kitu kimepanda. Wenseslaus alibaki ameshika kikombe anakitazama. Dola tano ni kama elfu kumi na tatu, na yeye kilo nzima ya kahawa aliyoichuma kwa vidole vyake, akaimenya, akaiosha, akaianika na kukimbizana nayo mvua ikija, hajawahi kulipwa bei hiyo. Na mle kikombeni ilikuwamo ya vijiko viwili. Alikunywa kidogo kidogo kwa saa nzima, na hakuagiza tena mpaka safari ikaisha.

Aliyewaokoa ni Primus. Asubuhi ya kwanza kijana huyu, mhudumu wa vyumba, aligonga mlango akamkuta Mama Salvina ameshatandika kitanda, ameshapangusa meza, anatafuta ndoo apige deki. Salvina akanung'unika kwa Kichagga kwamba ni aibu gani hii, mtu mzima na akili zake kutandikiwa kitanda na mtoto wa watu. Yule kijana akajibu kwa Kichagga, chenye lafudhi ya upande wa Machame, kwamba Mama, ukitandika wewe mimi nitafukuzwa kazi. Kisha akaamkia shikamoo. Kumbe ni mtoto wa Kwa Sadala, nyumbani kwao pale pale karibu na soko. Salvina alimshika mikono yote miwili akalia kama aliyemwona ndugu aliyepotea.

Tangu siku hiyo walikuwa Baba na Mama. Primus aliwaletea kila asubuhi chupa ya chai ya tangawizi ambayo haikuwa kwenye orodha ya chakula wala ya bei. Aliwatafutia ndizi zilizoiva sawasawa, akamwonyesha mzee jinsi ya kuzima ule upepo wa baridi uliokuwa unamuumiza mabega. Salvina hakuacha kutandika, na Primus hakuacha kutandua na kutandika upya, maana msimamizi wake alikuwa anapita kukagua kona za shuka. Kitanda kile kilitandikwa mara mbili kila siku, na kila mmoja aliamini anamsaidia mwenzake. Jioni Primus alikunja taulo likawa mnyama akaliweka kitandani: leo tembo, kesho bata. Siku mzee aliposema amemkumbuka beberu wake, walikuta kesho yake mbuzi wa taulo, na ndevu anazo.

Siku ya tisa karatasi ikapitishwa chini ya mlango. Kiingereza cha karani hakikuwa cha kubahatisha, akaisoma yote. Ilisema ada ya huduma kwa wafanyakazi imepanda kutoka dola kumi na nne hadi kumi na sita, kwa kila abiria, kwa kila siku, na kwamba itakatwa kwenye zile pesa zake, isipokuwa kama abiria mwenyewe ataomba iondolewe. Siku kumi, watu wawili, dola mia tatu na ishirini. Alisoma ile sentensi ya mwisho mara tatu. Salvina alikuwa bafuni anafua leso zake kwa mkono, kwa sababu bei ya dobi wa melini nayo alikuwa ameshaiona.

Mzee hakuwa mwizi, na wala hakujiona mchoyo siku hiyo. Alijiuliza swali ambalo mtu yeyote wa mlimani angejiuliza: mtoto wa nyumbani akikuletea maji ya kunawa, unampa noti? Unamtukana. Primus anamwita Baba. Mtoto halipwi, mtoto anachinjiwa. Basi akashuka ghorofa nne mpaka kwenye ile meza ya malalamiko, akapanga foleni na Wazungu waliovaa kandambili, akaomba ada iondolewe. Binti wa pale alimuuliza kama kulikuwa na tatizo na huduma. Mzee akasema hapana, huduma nzuri sana, huyu ni mwanangu. Binti akaandika hivyo hivyo.

Kisha akamtafuta Primus kwenye korido, akamshika bega. "Mwanangu, ukirudi likizo upite Kibosho. Nina beberu. Huyo ni wako, nitakuchinjia mwenyewe." Primus akacheka kwa adabu, akashukuru, akaendelea kusukuma kigari chake cha mashuka. Salvina alipouliza kuhusu ile karatasi, mzee alimjibu kwamba ameshamalizana nao. Kabla ya kushuka walipewa fomu ya kumpa mhudumu alama, moja mpaka kumi. Wenseslaus aliandika nane. Kumi ni ya Mungu, tisa ni ya maaskofu, na siku ya nne chai ilichelewa.

Kwa zile dola alizorudishiwa, na vijisenti vya kahawa juu yake, alinunua mtamba wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Akamwita Meli. Watu waliuliza pesa imetoka wapi, na Salvina akajibu kwa niaba yake kwamba ni chenji ya safari. Na katika jumuiya yao ya kanisani, ambayo yeye ndiye mwenyekiti, Salvina alisimulia habari ya Primus mpaka wanajumuiya wakaijua kwa moyo. Kila mara alimalizia kwa kusema kwamba huduma waliilipia yote, senti kwa senti, na kwamba mtu anayemcheleweshea kibarua wake ujira ajitazame kabla ya kupanga mstari wa komunyo. Mzee kila alipoyasikia hayo alikumbuka kwamba Meli hajakatiwa majani.

Mwaka mmoja na miezi mitatu ukapita. Desemba ikaingia, magari ya watu wa Dar yakaanza kupanda mlima, na Meli akazaa ndama jike, mweusi kama mama yake. Mzee alikuwa mtu mwenye furaha. Ndipo simu ikalia.

Primus alimwamkia, akamuulizia Mama, akaulizia kahawa, halafu akasema yuko likizo na amekuja kula mbuzi wake. Wenseslaus akasema karibu, na alimaanisha. Primus akasema, "Tuko wanne, Baba." Mzee akauliza wanne wa nini. Kijana akaeleza taratibu kwamba melini mfuko ni mmoja. Abiria anamwona anayetandika kitanda tu, lakini kuna anayefua shuka, kuna anayebeba sahani, kuna anayemenya viazi huko chini. Kinachotolewa na chumba kinagawanywa kwa wote. Kwa hiyo na mbuzi ni wa wote.

Mbuzi mwenyewe hakumtisha mzee, ingawa ni kweli beberu yule alikuwa amenenepeshwa kwa ajili ya ukoo mzima siku ya Noeli, na bei za mbuzi Desemba hazisemeki. Neno lilishatoka, beberu atachinjwa. Kilichomnyima usingizi ni kingine. Watu wanne walikuwa wanakuja kukaa meza moja na Salvina, na wote wanne walijua ile ada haikulipwa. Mmoja akiteleza ulimi tu, Salvina atajua kwamba kwa muda wote huo amekuwa akisimama mbele ya jumuiya na kujisifu kwa ujira ulioliwa na mume wake, tena sasa ni ng'ombe, yuko zizini anacheua. Salvina si mtu wa kupiga kelele. Anaweza kunyamaza tangu Kwaresima mpaka Pentekoste, na mzee alishawahi kuuonja ukimya huo.

Walikuja na Noah ya kukodi kutoka Pasua, Moshi mjini, imetapakaa tope mpaka kwenye vioo. Alishuka Primus, amenenepa kidogo. Nyuma yake akashuka Mfilipino mfupi, dobi, ambaye kabla hata ya kusalimia alilitazama doa la kahawa kwenye shati la mzee kwa uchungu. Akashuka Mwindonesia mrefu, mhudumu wa mezani, aliyetembea amekunja mkono mmoja kifuani kama ameshika leso. Mwisho akashuka mama mnene wa Honduras, aliyekaa miaka minne jikoni, chini kabisa melini, akimenya viazi. Mama huyu alimzunguka Wenseslaus akamwangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Primus akatafsiri kwamba hajawahi kumwona abiria kwa karibu, na alikuwa anadhani ni wakubwa zaidi.

Walikuwa na mpango wa kupanda mlima, lakini walipotajiwa bei ya kupanda mwaka huu walisema watautazama kutoka Kibosho, bure. Wangelala siku mbili. Salvina, ambaye goti lake lilikuwa limevimba, alikaa kwenye kiti barazani akatoa amri. Hawa watoto walituhudumia siku kumi, sasa ni zamu yetu, na kwa kuwa mimi siwezi kusimama, mhudumu ni wewe.

Ole wake mzee wa miaka sabini na mbili. Alichota maji ya kuoga, akachemsha, akayabeba ndoo nne mpaka bafuni. Alipeleka chai. Alihamisha viti kivulini, kivuli kikahama, akavihamisha tena. Alitandika vitanda vinne, na Primus akaja nyuma yake akavitandua na kuvitandika upya, akiomba radhi, kwamba mikono imezoea. Na wageni wenyewe hawakujua kukaa. Ukigeuka kidogo tu, dobi ameshaanua nguo kambani na kuzifua tena. Mama wa Honduras aliuona mkungu wa ndizi za supu ya mtori, akavuta kigoda, na kabla mzee hajarudi na kisu cha pili mkungu ulikuwa umebaki kikonyo. Salvina alimkemea mume wake kwamba ni aibu mgeni kufanya kazi siku ya kwanza. Kwa hiyo ikawa kazi juu ya kazi: kuwahudumia, na kuwazuia wasijihudumie. Ilipofika saa kumi jioni miguu ilikuwa inamwaka moto, na chai ya jioni alikuwa ameisahau jikoni.

Beberu alichinjwa siku ya pili asubuhi. Mwindonesia ni Mwislamu, akaomba achinje yeye, na alichinja vizuri mpaka majirani wakauliza kama anapatikana tarehe ishirini na nne. Supu ya kisusio, yenye damu, hakuigusa, lakini dobi alikunywa bakuli mbili akasema kwao ipo inayofanana nayo. Kugawa nyama ndiko anakojua Wenseslaus. Mbuzi wa Kichagga hakatwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na mzee alikata kwa heshima yake yote, akampa Primus mguu mzima kama mtoto wa nyumbani. Primus akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akaomba kisu, akaukata mguu ule mafungu manne yaliyolingana, akampelekea kila mwenzake lake. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo walivyozoea.

Salvina alifurahi mno kuona vile. Akiwa pale kwenye kiti chake, na furaha imemjaa, akauliza lile ambalo mzee aliomba usiku kucha lisiulizwe. "Na ile pesa ya huduma, mwanangu, ile dola mia tatu na ishirini ya kwetu, nayo mligawana hivi hivi?"

Kisu kikasimama mkononi mwa Wenseslaus. Primus alimtazama mama, akamtazama mzee mara moja tu, akarudisha macho kwa mama. "Ndiyo, Mama. Ilifika. Tuligawana vizuri." Akaendelea kutafuna.

Mzee angeshukuru, na alianza kushukuru, lakini dobi alitaka kujua mama amesema nini. Primus akamjibu kwa Kiingereza, haraka na kwa sauti ya chini, akidhani Kiingereza hakina mwenyewe pale. Alisahau kwamba mwenyeji alikuwa karani. Wenseslaus akasikia kila neno. Primus alisema mama hajui kwamba mumewe aliifuta, kwa hiyo wanyamaze. Dobi akasema sawa, lakini hawezi kuamini kwamba amekaa kwenye nyumba ya chumba 6114. Mwindonesia akacheka, akasema siku hizi melini kote abiria akifuta ada wanaita mbuzi. Utasikia mtu anasema wiki hii tumepata mbuzi saba. Mama wa Honduras, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni, akasema yeye alidhani mbuzi mwenyewe hayupo, wote walidhani hayupo. Ila Primus alikataa. Kwa mwaka mzima alichekwa na yeye akakataa, akasema nyinyi hamuwajui wazee wa kwetu, wakisema mbuzi ni mbuzi. Ndiyo maana wamekuja. Walikuja kuona nani mwongo. Na dobi akaongeza kwamba mzee hata alama aliyompa Primus ilikuwa nane, na kwa ile nane Primus aliitwa ofisini, akanyimwa vyumba vya ghorofa ya juu kwa miezi miwili.

Salvina akauliza wanacheka nini. Primus akasema wanaisifia nyama.

Wenseslaus alikaa chini. Aliona aibu, aibu hasa, ile ya kupandisha joto mpaka masikioni. Alikuwa amejiona baba wa huyu kijana kwa sababu ya kumwita mwanangu kwenye korido. Kumbe kijana ndiye aliyekuwa mtoto kweli. Alimtetea mbele ya meli nzima, na sasa anasema uongo kwa ajili yake mbele ya mama, huku anakula nyama aliyoilipia kwa ujira wake mwenyewe.

Asubuhi ya tatu wakaaga. Wangeshuka mpaka njia panda kwa miguu, maana Noah iliyorudi kuwachukua ilikwama huko kwenye tope ikashindwa kupanda, na kutoka hapo waende Kwa Sadala kwa mama yake Primus. Salvina aliwafungia parachichi na ndizi, akawabariki mmoja mmoja kwenye paji la uso. Mzee aliwapa mkono. Walipotoka akaingia chumba cha wageni kukunja mashuka.

Vitanda vilikuwa vimeshatandikwa, kona zimekaa sawasawa. Kwenye kitanda cha mwisho alikaa mbuzi wa taulo, na ndevu anazo. Chini yake kulikuwa na bahasha na kadi. Ndani ya bahasha zilikuwamo dola mia moja ishirini na nane, na karani hakuhitaji kalamu: kumi na sita kwa kila mtu, kwa kila siku, watu wanne, siku mbili. Kwenye kadi Primus alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa niaba ya wote, kwamba wanamshukuru mhudumu wa nyumba hii. Huduma: nane. Siku ya kwanza chai ya jioni ilichelewa.

Kitu cha kwanza alichohisi ni hasira. Wananilipa mimi? Mimi ni baba yao, baba halipwi na wanawe. Alilisema kwa sauti kabisa, na alipokwisha kulisema akalisikia.

"Nani kakulipa?" Salvina alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake.

Ilikuwa rahisi sana kudanganya. Angesema watoto wametuachia zawadi, wala usingekuwa uongo kamili, na jumuiya ingepata simulizi mpya. Mzee alifungua mdomo na simulizi hiyo ikiwa tayari ulimini. Kisha akaketi kitandani, akaziharibu zile kona, akasema yote. Karatasi ya chini ya mlango, foleni ya kandambili, dola mia tatu na ishirini, Meli. Alisema na ile nane. Alisema na uongo wa Primus mezani. Alipomaliza, mke wake aliyeishi naye miaka hamsini na mmoja akasema maneno machache tu.

"Mimi nimesimama mbele za watu." Akageuka, akaenda kukaa barazani, akatazama upande wa mlima.

Wenseslaus akatoka na gambuti zake, bahasha na kadi mkononi. Kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba la nyumbani, kuna safu ya masale, yale majani marefu ambayo kila Mchagga anajua kazi yake. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale limefungwa fundo, hawezi kukataa kukusamehe, hata awe na moyo gani. Mzee alikata manne, akayafunga mafundo akiwa anakimbia. Kukimbia kwenyewe usiulize. Njia ile ni mteremko na tope, na majirani waliomwona mzee mwenye gambuti akishuka na masale mkononi walijua kuna jambo, wakaanza kumfuata kwa mbali.

Aliwakuta njia panda, Primus na Mwindonesia wanasukuma gari, dobi kavua viatu ili visichafuke. Mzee alikosa pumzi ya kuongea. Alimpa Primus jani kwanza. Kijana alipoliona akasimama wima, akalipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamlengalenga. Kisha mzee akampa dobi, akampa Mwindonesia, akampa mama wa Honduras, ambaye alilinusa.

Primus akawaeleza. Mama yule akauliza kama ni lazima asamehe hata kama hataki. Primus akasema ni lazima. Mama akalitazama jani, akamtazama mzee anayehema, akasema basi haina shida, alikuwa ameshataka tangu kwenye mtori.

"Zile dola zenu nilinunulia ng'ombe," Wenseslaus akasema, kwa Kiingereza, ili asibaki mtu wa kutafsiriwa. "Amezaa ndama jike. Ndama ni wenu nyote wanne. Akiacha kunyonya nitampeleka mwenyewe Kwa Sadala kwa mama yake Primus, na mtagawana kama mnavyogawana." Na bahasha akamrudishia Primus mfukoni, akambana mkono asiitoe.

Dobi akauliza ndama anagawanywaje. Mzee akasema hagawanywi, anakamuliwa, na hesabu ya maziwa ataiweka yeye. Wakaangaliana. Mwindonesia akaanza kucheka, halafu wote, na hata dereva wa Noah, ambaye hakuelewa lolote. Mama wa Honduras akaomba ile kadi. Mzee alikuwa nayo bado mkononi, imelowa jasho. Mama akachukua kalamu ya dobi, akaikata ile nane kwa mstari mmoja, akaandika tisa. Wenseslaus akasubiri kidogo, akauliza kama haiwezi kufika kumi. Primus akajibu kwa niaba yao, kwa heshima, kwamba hapana, Baba, chai ilichelewa kweli.

Alipanda ule mlima polepole, akisimama kila nguzo ya umeme. Alikuwa mwepesi rohoni. Alikuwa anafikiria kamba mpya ya ndama, na kwamba atahitaji kumpiga picha kila Jumapili, maana wenye ndama tayari walishaomba.

Salvina alikuwa pale pale barazani. Hakuuliza kama aliwakuta. Alimwangalia mumewe mikono yote miwili, kisha akanyoosha wake, kiganja juu.

"La kwangu liko wapi?"

Wenseslaus alitazama mikono yake mitupu, yenye tope. Akageuka, akarudi kwenye safu ya masale kukata la tano.